Picha safi, tezi 7: karatasi ipi inajua kansa ya utumbo mpana itaishia wapi?

#1 BintiMalaba
Habari za jioni wanajukwaa. Naomba msaada wa akili, pesa tutatafuta wenyewe.

Baba yangu ana miaka 52, dereva wa lori, njia yake Mombasa–Malaba–Kampala. Mwaka mzima alikuwa akiishiwa damu. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, akapewa dawa ya minyoo, malaria akatibiwa mara tatu. Chooni hakuona damu hata siku moja. Mwishowe akaingizwa kamera, wakakuta uvimbe kwenye utumbo mpana, upande wa kulia, karibu na kidole tumbo. Amepasuliwa wiki tatu zilizopita. Anakula, anatembea, ananuna kwa sababu tumemficha funguo za lori.

Sasa nina karatasi mbili mezani. Ya kwanza ni ya picha ya CT: ini safi, mapafu safi, tezi hazijavimba. Ya pili ni ya maabara: pT3 N0, tezi 7 zimekaguliwa, zote hazina kitu. Daktari mmoja ametuambia tumshukuru Mungu, twende nyumbani. Mwingine amesema ngojeni, kinyama kirudishwe maabara kitafutwe protini nne, ndipo atajua kama mzee anahitaji dripu za kansa au la.

Swali langu: kati ya picha na kinyama, ni ipi inayojua baba atakuwa wapi miaka 5 kutoka leo?

#2 BodaMwenyeBusara
Pole nyabo. Mimi ningeamini kinyama. Picha hata mimi nikipigwa natoka mzuri.

#3 MpigapichaWaNdani
Hizo mashine ndizo zinazonilisha, kwa hiyo nitazitetea.

CT inajibu swali moja zito: kansa imeshasafiri au bado? Kansa ya utumbo mpana hukimbilia ini kwanza, maana damu inayotoka kwenye utumbo hupita huko kabla ya kwenda kwingine. Baada ya ini, mapafu. Tukikuta mabaka kwenye ini, hiyo ni hatua ya nne na mazungumzo yote yanabadilika. Kwa takwimu za Marekani, kansa ikikamatwa ingali ndani ya utumbo wenyewe, wagonjwa 9 hivi kati ya 10 wanafika miaka 5. Ikikamatwa imeshafika mbali, hata 2 kati ya 10 hawafiki. Kwa hiyo dada, hilo neno "ini safi" usilipite haraka. Ni nusu ya habari nzima.

#4 FundiDarubini
#3 umesema kweli, ila umeficha shimo lililo nyuma ya nyumba. CT hupima ukubwa wa tezi ya limfu (kituo kidogo cha kinga ya mwili ambako kansa hupita ikisafiri), haioni kilichomo ndani. Tezi ndogo inaweza kuwa imejaa kansa na tezi kubwa ikawa imevimba kwa sababu nyingine kabisa. Na sisi huku, mwenye TB, mwenye VVU, mwenye kichocho, wote wana tezi zilizovimba.

Kazi yangu ni kukata vinyama, kuvigandisha kwenye nta, kuvipaka rangi na kumpelekea mpatholojia. pT3 maana yake kansa imepenya ukuta wa misuli wa utumbo ikaingia kwenye mafuta ya nje. N0 maana yake kwenye tezi zilizoangaliwa haikuonekana.

Zilizoangaliwa! Dada, kilichonishtua ni hiyo 7. Kanuni inayofuatwa duniani ni tezi 12 kwenda juu. Mbuzi amepotea, mji una mazizi 12, umechungulia 7, halafu unamwambia mwenye mbuzi kwamba hayupo mjini?

#5 MpigapichaWaNdani
Shimo nimelikubali. Lakini na ninyi mna lenu, 7.

#6 AfandeMstaafu
Salamu kutoka Bombo, mji wa kambi ya jeshi. Nisaidieni na mimi, kwa sababu jambo hili limenikaa kooni miaka mingi.

Mimi na rafiki yangu, tulitumikia kambi moja, tulipasuliwa mwaka mmoja, 2017. Karatasi zetu zilifanana kama mapacha: T3 N0, utumbo mpana, wote wawili. CT zetu safi. Mimi leo nachunga mbuzi (nimeona ule mfano #4, asante). Yeye tulimzika baada ya miezi 20. Na yeye ndiye alikuwa hanywi wala havuti. Mimi kiko changu kiliniacha juzi tu. Kama karatasi zinajua, mbona zilisema kitu kimoja kwa watu wawili?

#7 MwanafunziMbarara
Shikamoo Afande. Hapo ndipo zinaingia zile protini nne za BintiMalaba.

Kila seli ikigawanyika inanakili maandishi yake ya vinasaba, na kama mwanafunzi anayenakili ubao, inakosea. Kuna wasahihishaji wanaopita kufuta makosa: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Maabara hupaka kinyama rangi maalumu kuona kama wote wanne wapo kazini. Katika kansa kama 15 kati ya 100 za utumbo mpana, mmoja au wawili hawapo, na makosa yanajaa daftari zima. Unaweza kudhani hiyo ni habari mbaya. Katika hatua ya pili, ndiyo hiyo T3 N0 yenu, ni nzuri! Seli zenye makosa mengi zinaonekana ngeni, kinga ya mwili inazivamia. Wagonjwa hao wa hatua ya pili hurudiwa na kansa mara chache kuliko wengine, na ile dripu ya zamani ya 5-FU peke yake haiwaongezei kitu.

Huenda Afande ulikuwa kundi hilo na rafiki yako hakuwa.

#8 DkKimya
Au mwenzake tezi hazikuhesabiwa vizuri. Au utumbo wake ulikuwa umeziba, au umetoboka kabla ya kupasuliwa. Au kansa ilikuwa imeingia kwenye mishipa ya damu. Mwanafunzi, usiipe protini sifa zote.

#9 AfandeMstaafu
Ulitoboka. Alipasuliwa usiku, dharura. Daktari umejuaje?

#10 DkKimya
Sikujua. Niliuliza tu.

#11 BodaMwenyeBusara
Huyu daktari akiongea maneno kumi kwa siku ujue kaamka vizuri 😂

#12 MamaArua
BintiMalaba pole sana mwanangu. Ngoja na mimi nitie langu, ingawa yangu ilikuwa chini kabisa, kwenye rektamu, si juu kama ya baba.

Mimi CT haikutosha. Nilipelekwa kwenye MRI, ile mashine inayogonga kama mafundi wa mabati, nusu saa nimelala nasali. Aliyeisoma alikuwa mtu mzima, akanichorea kwenye bahasha: hapa ni uvimbe, hapa ni utando unaozunguka rektamu, ndipo kisu cha daktari kitapita. Akasema uvimbe wangu uko karibu mno na huo utando, hata milimita 1 haikubaki. Kwa hiyo wasingenikata kwanza. Wakaanza na mionzi na vidonge, uvimbe ukanywea, ndipo wakakata.

Hiyo ilikuwa 2019. Namshukuru Mungu haikuwa 2016, maana mwaka ule mashine pekee ya mionzi nchini Uganda ilikufa na wenye bahati wakapelekwa Nairobi. Mpya ilianza kazi 2018. Najiuliza: kwenye karatasi zenu za kutabiri, "mwaka gani umeugua" kimeandikwa wapi?

#13 MpigapichaWaNdani
Mama, huyo aliyekuchorea kwenye bahasha nampigia saluti. Kwa rektamu MRI ndiyo mfalme. Hiyo milimita 1 ilithibitishwa na utafiti mkubwa wa MERCURY, uliochapishwa Uingereza 2006: picha iliyosomwa vizuri kabla ya upasuaji ilijua nani kingo za mkato wake zitabaki bila kansa. Pia MRI huona kansa ikiwa imeingia kwenye mshipa wa vena nje ya ukuta, na hiyo ni dalili kwamba huenda itasafiri baadaye hata kama leo ini ni safi.

Kuna jingine watu hawalijui. Ile ile CT ya tumbo, ukikata picha kwenye pingili ya tatu ya kiuno, unaweza kupima nyama ya misuli. Aliyekonda misuli, hata kama tumbo ni kubwa, hustahimili kemo (dripu za kansa) kwa shida na kwa wastani maisha yake huwa mafupi. Afande, rafiki yako alikuwa amekonda?

#14 AfandeMstaafu
Alikuwa mwembamba tangu ujana. Alikuwa mkimbiaji wa kikosi. Mimi ndiye mwenye kitambi.

#15 BodaMwenyeBusara
Basi kitambi kimekuokoa. Nitamwambia mke wangu.

#16 MpigapichaWaNdani
Kitambi si misuli, ssebo!

#17 MzeeWaJinja
Mnazungumza protini na mashine, mnasahau sufuria. Uganda hii ndiyo iliyomfundisha Denis Burkitt. Alikuja kijana, akafanya kazi Lira, kisha hospitali ya Mulago, Kampala, na mwaka 1948 akaeleza ule uvimbe wa taya za watoto ambao dunia nzima unaitwa kwa jina lake. Baadaye akajiuliza mbona Waafrika hawa hawaugui utumbo kama wenzangu kule Uingereza? Akasema ni nyuzinyuzi: ulezi, maharage, mboga za majani. Hata choo chetu alikipima uzito, yeye na wenzake, na saa ngapi chakula kinatumia kupita tumboni, wakaandika 1972. Leo vijana wanakula rolex (chapati na mayai) asubuhi na muchomo (nyama choma) usiku. Mnashangaa nini?

#18 MwanafunziMbarara
Mzee wangu, uvimbe wa taya aliueleza 1958, si 1948. Mengine yote sawa, na la choo ni kweli tupu 😂

Ila nyuzinyuzi zinahusu nani ataugua. Dada anauliza baba ambaye ameshaugua atafika wapi. Tena hata kwenye kuugua hakuko wazi hivyo: jaribio moja kubwa la Marekani lililotoka mwaka 2000 liliwalisha watu nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo kwa miaka, na vile vinyama vinavyoota utumboni na vinavyoweza kugeuka kansa vilirudi vilevile. Upande wa nyama Mzee una nguvu zaidi. Shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa, mwaka 2015, liliziweka nyama za viwandani kama soseji kwenye kundi la kwanza la visababishi, na nyama nyekundu kundi la "huenda".

#19 MzeeWaJinja
Basi 1958. Uzee. Lakini rejesta ya kansa ya Kampala ipo tangu 1951, na kansa hii imekuwa ikipanda humo. Protini zenu nne hazikuzaliwa juzi. Kilichobadilika ni nini?

#20 Mutukula255
Nasoma kutoka upande wa pili wa mpaka. Jamani, huu ni uzi wa Uganda kweli? Kiswahili kimenyooka hivi? Nani anawaandikia?

#21 AfandeMstaafu
Kijana, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili hapa tangu katiba iliporekebishwa 2005, na 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe kwa lazima. Sisi wa Bombo hatukungoja baraza. Rudi kwenye kansa.

#22 Mutukula255
Nimekoma Afande. Basi na nichangie: shemeji yangu aliambiwa kinyama chake kina KRAS, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. BintiMalaba, waambie waangalie KRAS haraka.

#23 DkKimya
Hapana. KRAS ni kinasaba; yenye kasoro ipo kwa wagonjwa kama 40 kati ya 100. Inatuzuia tu kumpa dawa kama cetuximab, maana kwake haitafanya kazi, na dawa hizo ni za kansa iliyosambaa. Ya baba wa dada haijasambaa. Asitumie pesa hiyo sasa. Pesa iende kwenye zile protini nne.

#24 BodaMwenyeBusara
Daktari leo kafika maneno arobaini! Haya, nami nina swali la kweli. Mjomba wangu alipasuliwa, sasa damu yake inapimwa kitu kinaitwa CEA. Imetoka 7. Karatasi inasema mwisho ni 5. Mke wake analia tangu jana. Kansa imerudi?

#25 FundiDarubini
Anavuta sigara?

#26 BodaMwenyeBusara
Kama treni ya zamani.

#27 FundiDarubini
Basi mwambie shangazi afute machozi kwanza. CEA iligunduliwa Montreal mwaka 1965 na wengi walidhani wamepata kipimo cha kumaliza kazi. Lakini wavutaji hupanda kidogo bila kansa, wenye ini bovu pia, na kuna kansa zisizotoa CEA kabisa. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Kirudiwe baada ya wiki chache, maabara ileile, waone kinaelekea wapi. Kama ni 7, 12, 20, hapo apigwe CT bila kusubiri.

Sasa nirudi kwa BintiMalaba, nina mambo mawili.

La kwanza. Usikimbilie kuamini kipimo chochote cha kinyama kabla hujajua kinyama kiliishije kabla ya kufika darubini. Kinatakiwa kiingie kwenye formalini iliyosawazishwa mapema, kikae humo saa 6 hadi 72, utumbo uwe umefunguliwa ili dawa iingie. Mimi mwenyewe, mahali nilipowahi kufanya kazi, nimepokea utumbo umekunjwa kwenye ndoo ya plastiki, dawa imefika nusu, katikati umeoza. Siku nyingine chupa ya maji ya kunywa, ndani yake kinyama na spiriti. Kingine kilikaa kwenye formalini mwezi mzima kwa sababu familia ilikuwa inachanga pesa za kukipima. Ukikipaka rangi za MLH1 baada ya hapo kitatoka cheupe, na mtu ataandika "protini haipo" kumbe iliuawa na ndoo. Mpatholojia mzuri huangalia kwanza seli nzima za jirani: kama na zenyewe hazikushika rangi, kipimo kimeharibika. Muulizeni.

La pili. Tezi 7. Yale mafuta ya utumbo yaliyobaki baada ya kukatwa vipande huwa hayatupwi papo hapo, hukaa kwenye formalini wiki kadhaa. Omba kwa adabu yarudiwe kupapaswa. Tezi nyingine ni ndogo kama punje ya ulezi, unazitafuta kwa vidole, si kwa macho.

Na swali: kwenye ukoo wa baba yupo mwingine aliyepata kansa ya utumbo, au ya kizazi, mfuko wa uzazi?

#28 BintiMalaba
Nimesoma yote. Asanteni. Fundi, swali lako la mwisho limenikosesha usingizi. Shangazi yangu, dada yake baba, alikufa na kansa ya mfuko wa uzazi akiwa na miaka 44. Babu tunaambiwa alikufa na "tumbo". Zamani kule kila mtu alikufa na tumbo au na jirani mchawi, sasa sijui.

Kwa nini umeuliza?

#29 MwanafunziMbarara
Dada, usiogope kabla ya wakati. Kuna hali ya kurithi inayoitwa Lynch, mmoja wa wale wasahihishaji wanne anazaliwa mbovu. Ndani ya ukoo inaonekana kama kansa ya utumbo na ya mfuko wa uzazi kwa watu ambao bado vijana.

Hadithi yake ni ya ajabu. Mwaka 1895 mshonaji nguo huko Michigan alimwambia daktari Aldred Warthin: mimi nitakufa mapema kwa kansa ya tumbo au ya kizazi, kwetu wote hufa hivyo. Akafa mapema kweli, kansa ya mfuko wa uzazi. Warthin akafuata ukoo wake na kuandika 1913. Miongo mingi baadaye Henry Lynch akaendeleza. Kumbe mtabiri wa kwanza hakuwa na picha wala darubini, alihesabu makaburi ya nyumbani.

#30 MamaArua
Huyo mshonaji amenitoa machozi.

#31 DkKimya
Taratibu. Shangazi mmoja si ushahidi. MLH1 inaweza kuzimika uzeeni bila kurithiwa, na kipimo cha kinasaba cha BRAF husaidia kutofautisha: ikiwa na kasoro yake ile ya V600E, mara nyingi si ya kurithi. Lakini upande wa kulia, umri wa 52 na shangazi wa 44, vinatosha kupima. Ikithibitishwa, dada na ndugu zako mtahitaji kamera mapema.

#32 Mutukula255
Swali la mjinga: haya mambo ya akili mnemba hayawezi kusoma hizo slaidi, vile vioo vya kinyama vya darubini, na kutoa jibu, tukaacha kubishana?

#33 MwanafunziMbarara
Yanajaribiwa! Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani na wenzao walionyesha kompyuta ikisoma slaidi ya kawaida, ile ya zambarau na waridi, inaweza kukisia kama wasahihishaji hawapo, bila kupaka zile rangi ghali. Na Paris kuna kundi la Jérôme Galon, tangu 2006 wanahesabu askari wa kinga, seli za CD3 na CD8, katikati ya uvimbe na pembezoni mwake. Mwaka 2018 walichapisha hesabu za wagonjwa wa nchi nyingi: penye askari wengi kansa hurudi kidogo. Mimi naona hilo ndilo jibu la Afande. Askari wake walikuwa wengi.

#34 AfandeMstaafu
Hapo umenigusa.

#35 FundiDarubini
Mwanafunzi, kompyuta iliyofundishwa kwa slaidi za Ulaya ukiiletea slaidi yangu iliyopakwa siku umeme umekatika mara mbili na rangi inakaribia kuisha, itaona nini? Mkato wenyewe ni mnene kuliko wa kwao. Sipingi. Nasema tuiletee slaidi zetu iangukie pua kwanza.

#36 MpigapichaWaNdani
Hata sisi wa picha tunaambiwa kompyuta itasoma chembechembe za CT ambazo jicho halioni. Halafu mashine mbili za mji mmoja, zilizowekwa tofauti, zinatoa namba mbili kwa uvimbe uleule. Nakuunga mkono fundi, leo tu.

#37 MzeeWaJinja
Na uji wa ulezi hauhitaji umeme.

#38 BintiMalaba
Wanajukwaa, nimerudi baada ya siku 11.

Nilikwenda maabara na ushauri wa #27. Mwanzoni walinitazama kama mkaguzi wa serikali. Kisha mama mmoja, mpatholojia, akaniambia niketi, akafungua rejesta, akasema mafuta ya baba bado yapo. Juzi wamenipigia. Wamepata tezi nyingine 6. Jumla 13. Moja ina kansa.

Sasa karatasi inasema N1, hatua ya tatu. Nilimweleza baba jioni, kwa Kiswahili chake cha barabarani. Akanyamaza, halafu akauliza: "Nimelala hapahapa kitandani. Nani amenisogeza kutoka ya pili kwenda ya tatu?"

Nilishindwa kumjibu. Protini nne bado, wanasema wiki ijayo, na seli za jirani zimeshika rangi vizuri.

#39 MpigapichaWaNdani
Hiyo tezi yenye kansa ina ukubwa gani?

#40 BintiMalaba
Milimita 4.

#41 MpigapichaWaNdani
Nisingeiona. Ningeiona, ningeandika "ya kawaida". Pole sana dada.

#42 DkKimya
Sasa hakuna ubishi: dripu. Zianze kabla wiki 8 hazijaisha tangu upasuaji. T3 yenye tezi 1, uwaulize kuhusu miezi 3 ya vidonge vya capecitabine na dripu ya oxaliplatin badala ya 6. Utafiti wa nchi nyingi wa 2018 uliona kwa kundi hili tofauti ni ndogo na ganzi ya vidole hupungua sana. Kwa dereva, vidole ni kazi.

#43 MamaArua
Mwanangu, mwambie baba hakuna aliyemsogeza. Yeye alikuwa hapo tangu mwanzo, wao ndio wamefika.

#44 BodaMwenyeBusara
Kwa lugha ya Malaba: mzigo ulikuwa kwenye lori siku zote, afande wa forodha ndiye kafungua turubai.

(Mjomba karudia CEA. 6. Shangazi kaacha kulia, kaanza kumfokea kuhusu sigara.)

#45 MwanafunziMbarara
Sasa najiuliza juu ya rafiki yake Afande. Tumempa sababu ngapi? Utumbo kutoboka, misuli, protini, askari wa kinga. Kumbe labda alikuwa hatua ya tatu tangu siku ya kwanza na hakupata dripu kwa sababu tezi hazikutafutwa. Afande, karatasi yake inasema zilikaguliwa ngapi?

#46 FundiDarubini
Swali zuri. Ila kutoboka peke yake kunatosha kumuua mtu, hata kwa tezi 20.

#47 AfandeMstaafu
Yake iko kwa mjane, sitaki kumsumbua kwa hilo. Yangu nimeitafuta leo, ilikuwa ndani ya sanduku la vyeti vya jeshi. Nimevaa miwani nikasoma mara mbili. Tezi zilizokaguliwa: 4.

Nne! Na mimi nipo.

#48 DkKimya
Afande, ulipewa dripu?

#49 AfandeMstaafu
Hata moja.

#50 FundiDarubini
Afande, bloku lako la nta la 2017 huenda bado lipo stoo. Nta haiozi. Tungeweza kupaka zile nne leo tukajua ulikuwa kundi gani.

#51 MzeeWaJinja
Kujua kwa faida gani? Mtu ana mbuzi, ana kitambi, yuko hai. Mwacheni.

#52 AfandeMstaafu
Nina watoto saba, Mzee. Jumatatu napanda teksi kwenda kuuliza stoo.